Mvua ya Kwanza ni ya Kijito

Tangi la uwanja wa Tarrin Flat lilikuwa nyumba yenye mlango mmoja, na mlango wenyewe ulikuwa darini. Jumatano asubuhi, saa moja na robo, mlango huo ulipofunguliwa, ndani maji hayakuwamo. Alikuwamo mtu.

Alilala kifudifudi kwenye dimbwi jeusi lisilofika magotini, mita nne chini ya nyasi. Buti moja ilikuwa imemtoka mguuni. Juu, kwenye milingoti minne ya goli, kunguru walikuwa wametua mmoja mmoja, kimya, kama watu waliowahi viti.

Inspekta Voula Kandris alipiga magoti ukingoni, akamulika tochi. Harufu ya mvua ya jana ilikuwa bado hewani: lami, majani ya mikaratusi, vumbi lililolowa baada ya kungoja miezi mitano.

"Nani huyu?"

"Merv Tuckwell," alijibu mwanamke aliyesimama nyuma yake. "Mtunza uwanja. Mwaka wa thelathini na moja huu."

"Na wewe?"

"Anjali Deshpande. Mhandisi wa maji wa halmashauri. Mimi ndiye niliyefunua mfuniko."

"Asubuhi mapema hivi umefuata nini?"

"Tangi lilinitumia ujumbe."

Inspekta akamgeukia. Anjali alimwonyesha simu.

"Lina kipimo ndani. Linaandika maji yalipofika, kila dakika. Mifereji ya barabara zote za huku inaleta maji ya mvua hapa, halafu pampu inayanyunyiza uwanjani. Kwa mvua ya jana, vali ya kuingizia maji ikiwa wazi, tangi lingejaa hadi shingoni; ikiwa imefungwa, lisingepata hata tone. Leo naamka, naangalia, sentimita thelathini tu! Nikajua kuna kitu kimeziba njia."

"Hakuna kilichoziba," alisema Sajini Hieu Lam, akitokeza kichwa kutoka kwenye ngazi ya tangi. Glavu zake zilikuwa nyeusi kwa tope. "Kisogo kimepondwa, bosi. Pigo moja, la chuma. Na mfuniko wa tangi haujifuniki wenyewe."

Kandris alisimama, akapangusa magoti. Mbele yake uwanja ulikuwa umekauka rangi ya mkate, na katikati tu ndipo palipobaki kijani kidogo.

"Jumamosi kuna nini hapa?"

"Mechi ya kwanza ya msimu," alisema Anjali. "Wasichana wa chini ya miaka kumi na miwili ndio wanaofungua. Na halmashauri ilishamwambia Merv: nyasi zikifa mwaka huu, tunatandika za plastiki. Alikuwa hapati usingizi, maskini."

*

Banda la pampu lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye tangi. Mabomba ya zambarau, rangi ya maji yasiyonywewa, yalipita ukutani, na juu yake Merv alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza:

MVUA YA KWANZA NI YA KIJITO. YA PILI NI YA NYASI.

"Nini hii, shairi?" aliuliza Sajini Lam.

"Kitendawili," alisema Kandris.

"Bosi, tuna maiti nje."

"Kitendawili!"

Sajini alishusha pumzi. Miaka sita alikuwa amefanya kazi na mwanamke huyu, aliyelelewa na bibi Mgiriki asiyempa mtoto andazi mpaka ajibu fumbo. "Haya, tega."

"Anafagia mji mzima bila ufagio, na taka zote anazibeba mgongoni."

"Halmashauri?"

"Halmashauri ilifagia mji mzima lini? Nipe mji."

"Chukua Geelong. Chukua na bandari yake."

"Ni mvua ya kwanza. Miezi mitano barabara inakusanya mafuta ya magari, mavi ya mbwa, panya waliokufa. Inanyesha siku moja, yote yanasombwa. Kwa hiyo ile ya kwanza unaiachia iende zake kijitoni. Ya pili ndiyo unaikinga. Sivyo, mhandisi?"

"Ndivyo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii," alisema Anjali. Alikuwa akitazama simu yake. "Lakini... jana maji yaliingia."

"Yaliingia saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika kumi jioni. Mvua imeanza tu. Yakapanda, yakapanda, halafu saa kumi na dakika ishirini na mbili, kimya. Hayakupanda tena. Na mvua ilinyesha mpaka saa tatu usiku."

"Kwa hiyo mtu alifungua vali, na baada ya dakika kumi na mbili mtu akaifunga."

"Ndiyo."

Kwenye msumari ukutani ulining'inia ufunguo wa vali, chuma kirefu kama fimbo chenye mkono wa kushikia juu. Ulikuwa umetundikwa vizuri, umenyooka. Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa ameshaupulizia unga wake. Hakupata kitu. Ulikuwa umefutwa, lakini kwenye maungio ya mkono na chuma, mahali ambapo kitambaa hakifiki, kulikuwa na unywele mweupe na damu iliyokauka.

Kwenye meza palikuwa na chupa mbili za bia, zimevishwa soksi za sponji za kutunza ubaridi, zenye rangi za klabu. Moja tupu. Ya pili haikufunguliwa.

Kati ya chupa hizo palikuwa na daftari. Merv aliandika mvua kila siku iliponyesha, mistari miwili mitatu. Kandris aliufungua ukurasa wa mwisho.

"Jumanne, saa kumi na dakika nane. Imeanza! Nafungua."

Alirudi nyuma mwaka mzima, mwezi wa tatu.

"Mvua ya kwanza. Nimeiingiza yote. Nyasi zitapona. Clarrie asijue, atanihubiria."

Inspekta alilifunga daftari taratibu.

"Mhandisi, maiti imeshaondolewa. Nionyeshe vali inavyofungwa."

Anjali alileta ufunguo wake kutoka garini, akauingiza kwenye shimo la vali, akauzungusha kulia kwa nguvu. Chini ya miguu yao kitu kilinguruma. Maji yaliyotuama mferejini yakaanza kuporomoka tangini.

"Umefungua!" alipiga kelele Sajini. "Funga, mama, funga!"

"Haiwezekani! Kulia ni kufunga, dunia nzima!" Masikio yake yaliwaka. Alizungusha kushoto, maji yakakatika. "Hii vali ni ya kinyume. Miaka minne naisimamia, sijui hilo. Merv hakuwahi kuniachia niiguse."

Kandris alimtazama Sajini. Sajini alitikisa kichwa: huyu siye aliyeifunga jana.

*

Lorraine Petch alikuwa jikoni mwa klabu tangu saa mbili. Hakuna aliyemwambia apike, lakini alikuwa akikaanga soseji na vitunguu kwa ajili ya polisi wote, machozi yanamtoka, na alidai ni vitunguu.

"Kaa, kipenzi. Kula. Huwezi kumtafuta muuaji na tumbo tupu."

"Ile vali ya tangi, Lorraine. Mbona inafungwa kinyume?"

"Ah!" Alicheka huku akijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Ile waliing'oa kwenye kiwanda cha maziwa kilichobomolewa. Merv alikuwa akisema akifa, siri ya vali anakufa nayo, ili halmashauri wamlilie."

"Aliing'oa na nani?"

Mwiko ukasimama kikaangoni.

"Hizi chupa mbili za bia bandani, Lorraine. Mvua ya kwanza, Merv alikuwa akinywa na nani?"

"Usiniulize hilo, kipenzi."

"Nimeshakuuliza."

Soseji zilianza kuungua. Lorraine hakuzigeuza.

"Clarrie Boothby," alisema mwishowe. "Fundi bomba mstaafu. Ndiye anayeandika magoli yetu. Kila mwaka, tone la kwanza likidondoka, anakuja na bia mbili, wanakaa mlangoni pa banda wanatazama maji yanavyokwenda kijitoni, kama wazee wanaomuaga mtu kituoni. Bomba zote zile ni mkono wake. Lakini Clarrie hawezi kuua hata inzi, nakuapia."

"Ana familia?"

"Ana Tilly. Mjukuu. Miaka kumi na mmoja." Lorraine aliketi. "Mama yake alikufa, baba hajulikani aliko. Clarrie ndiye anamsuka nywele kwa mikono ile iliyozoea spana. Mwaka jana mwezi wa nne Tilly alianguka hapa uwanjani, goti likachubuka kidogo tu. Siku nne, kipenzi. Siku nne, jeraha likaoza, wakamkata mguu juu ya goti. Ukimchukua Clarrie, yule mtoto hana mtu mwingine duniani. Ufikirie hilo kabla hujaenda."

"Maji ya uwanja yalipimwa?"

"Yalipimwa. Baada ya wiki tatu. Yakakutwa safi."

Kandris alilikumbuka daftari, na mwandiko wa kitoto wa mwezi wa tatu. Alisukuma sahani mbele bila kuonja.

*

Alhamisi, saa nane mchana, matokeo ya uchunguzi wa maiti yalikuja kwa simu. Mapafu hayakuwa na maji. Merv Tuckwell alikufa kwa lile pigo, kabla hajafika chini.

Clarrie Boothby alikuwa juu ya ngazi fupi kwenye ubao wa magoli, akipaka rangi tarakimu kwa ajili ya Jumamosi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyojaa makovu ya moto wa kulehemu. Alipowaona Kandris na Sajini hakushuka.

"Subirini nimalize hii nane," alisema. "Nane ikikauka nusu inakuwa tatu."

Walisubiri. Wingu lilikuwa limekaa chini sana, karibu kugusa milingoti.

Alishuka, akafuta brashi. "Haya, binti. Uliza."

"Huna lazima ya kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Jumanne, saa kumi jioni, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mvua ya kwanza baada ya miezi mitano, na wewe nyumbani?"

"Magoti."

"Bia mbili bandani ni za nani?"

"Merv ana marafiki wengi."

"Wote wanajua vali inafungwa kushoto?"

Mzee aliigeuza brashi mkononi.

"Maji yalianza kuingia saa kumi na dakika kumi, Clarrie. Merv ameandika mwenyewe kwamba alifungua. Dakika kumi na mbili baadaye ikafungwa. Nani aliifunga?"

"Labda yeye."

"Kisogo kimepasuka, akafunga vali, akafuta ufunguo, akautundika msumarini, akajitupa tangini, akajifunika mfuniko?" alisema Sajini Lam. "Huyo kweli alipenda kazi yake."

Mzee hakucheka. Aliutazama uwanja.

Kandris alisogea karibu, akapunguza sauti. "Tangu jana kuna jambo linanisumbua. Umemwangusha mtu tangini. Mvua inanyesha, maji yanamiminika. Ukiondoka tu, usiku huo tangi linajaa, kipimo kinaonyesha tangi zima, hakuna mhandisi anayekuja asubuhi. Merv angepatikana baada ya majuma, na hakuna ambaye angejua kama aliteleza au alipigwa. Maji yalikuwa yanakufichia. Lakini muuaji huyu akayafunga. Amejinyang'anya maficho yake kwa mkono wake mwenyewe. Kwa nini, Clarrie?"



"Kwa sababu Jumamosi wasichana wataanguka juu ya nyasi hizi," alisema. "Wataanguka, binti. Ndio mchezo wenyewe."

Brashi ilimponyoka. Hakuiokota. Sajini alitoa kinasa sauti, akakiweka juu ya ngazi.

"Nilikuja na bia zangu kama kila mwaka," Clarrie alianza. "Merv yuko mlangoni, anacheka kama mtoto, mvua inampiga usoni. Kafungua yake, kainywa yote kwa mkupuo mmoja. Nikasikia maji. Nimefunga mabomba miaka arobaini na tano, nayajua yanapokwenda kwa kusikia tu. Nikamwambia, Merv, hayo yanaingia. Akasema, ndiyo, yanaingia, nyasi zinakufa, hatuwezi kungoja ya pili. Nikamwambia, soma ukuta wako mwenyewe! Akasema..."



"Akasema nini?"

"'Mwaka jana niliingiza ya kwanza, Clarrie, yote. Hukuona nyasi zilivyokuwa?'" Sauti ya mzee ilikuwa nyembamba. "Niliziona. Zilikuwa kama zulia. Tilly aliteleza juu ya zulia hilo. Jeraha lenyewe dogo, kama sarafu. Nikamwosha kwa bomba, nikambusu goti, nikamwambia rudi ucheze. Mwaka mzima nimekuwa nikilala na kuamka na swali moja: nilimwosha vizuri? Ni mimi? Na Merv akija nyumbani na keki, anakaa na mimi, ananipiga mgongoni, anasema si kosa la mtu, rafiki yangu. Si kosa la mtu."

"Ulimwambia Merv hayo, Jumanne?"

"Nilimwambia jina lake tu. Nikasema, Tilly. Akaelewa. Rangi ikamtoka. Halafu akasema, hakuna daktari atakayeapa kwamba ni maji yale."

"Ni kweli, Clarrie," alisema Kandris. "Hakuna atakayeapa. Hata leo."

"Najua. Yalikuwa maneno yake ya mwisho." Alijitazama viganja. "Akageuka, akafunua mfuniko. Alipenda kuyaona yakiingia. Alikuwa ameegemeza ufunguo mlangoni. Aliinama, binti, aliinama kutazama maji, na alikuwa anatabasamu."

Kunguru mmoja aliruka kutoka mlingoti wa kwanza hadi wa pili.

"Mfuniko niliufunika bila kufikiri. Halafu nikakumbuka vali, nikaifunga. Ufunguo nikaufuta na kuutundika mahali pake. Sijui kwa nini niliutundika. Miaka yote tuligombana na Merv, anauacha chini, mimi nautundika." Akainua uso. "Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa kasoro dakika kumi."

"Shule wanatoka saa tisa na nusu."

Sajini Lam aligeuka, akawa anatazama mbali, kwenye kijito.

"Lorraine atamlaza kwake leo," alisema Kandris. "Nimeshaongea naye. Lakini mimi mwenyewe nitakwenda kumchukua."

"Andika, basi." Mzee alikuwa ghafla na haraka. "Nywele, mikia miwili, si mmoja, mmoja unamvuta. Vitunguu hagusi, Lorraine ajue. Na akifika garini, kwanza avue mguu wa bandia ndipo akae. Ukimkalisha nao unamfinya, na yeye halalamiki. Kamwe halalamiki. Umeandika?"

"Nimeandika."

Kandris aliandika katika kijitabu chake, chini ya kukiri kwa mzee, kwa mwandiko uleule. Kisha Sajini alimfunga pingu mzee Clarrie Boothby kwa mbele, pole pole, kama mtu anayemvisha mwenzake saa.

Walipomfikisha kwenye gari alisimama. "Ule uwanja usimwagiliwe," alisema. "Zile sentimita thelathini bado zimo. Zitoeni zote."

"Zitatolewa. Na Jumamosi hakuna mechi."

Akaitikia kwa kichwa. Nyuma yake, kwenye ubao, nane ilikuwa imeanza kuchuruzika.

*

Mbele ya lango la shule matone yalianza tena, makubwa, yaliyoachana, kisha yakashikana. Ilikuwa mvua ya pili. Ya nyasi.

Watoto walitoka mbio, mabegi vichwani. Tilly Boothby alitoka wa mwisho, akichechemea kidogo, bila haraka, mkia mmoja wa nywele ukiwa umelegea. Alimwona mwanamke mgeni kando ya gari geni, akasimama.

"Babu yuko wapi?"

Maisha yake yote Voula Kandris alikuwa mtu wa kutega. Safari hii alitegwa yeye, na hakuwa na mji wa kutoa. Alifungua mlango wa gari. Maji yalimchuruzika shingoni.

"Vua mguu kwanza, Tilly," alisema, "ndipo ukae."

Mtoto alimkazia macho. Hilo mtu mmoja tu duniani alikuwa akilijua, na mtu huyo asingemwambia mgeni kama angeweza kuja mwenyewe.

Hakuuliza tena. Aliketi ukingoni mwa kiti, mvua ikimnyeshea, akaanza kufungua mikanda.